Kodi Ikikwama: Mwongozo wa Mpangaji wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Kenya hakuna ofisi unayoingia na kitambulisho, ukajaza fomu, kisha serikali ikamlipa mwenye nyumba kodi yako ya mwezi. Watu wengi huiulizia ofisi hiyo, hasa tangu ada ya nyumba ilipoanza kukatwa kwenye mishahara, kwa hiyo ni heri tuanzie hapo. Marekani, wakati wa Covid, Bunge lao lilitenga zaidi ya dola bilioni 46 za kuwalipia wapangaji waliokwama. Hata kabla ya hapo walikuwa na mpango wa vocha ambapo mpangaji hulipa takriban asilimia 30 ya mapato yake na serikali humalizia. Huku kwetu, mwaka 2020, wenye nyumba waliombwa wawe na huruma. Wengine walikuwa nayo. Basi.

Tulicho nacho ni sheria, nyingine zikiwa nzee kuliko wapangaji wenyewe. Haziwezi kukutilia shilingi mfukoni, lakini zinakupa muda, na mtu aliyechelewa kulipa anahitaji muda kabla ya kitu kingine chochote. Kutafuta elfu sita huku watoto wanalala kitandani mwao ni shida. Kuzitafuta huku godoro liko nje kwenye umande ni balaa.

Nimepanga hatua hizi jinsi mambo yanavyotokea kwa kawaida. Kama kufuli tayari liko mlangoni, ruka hadi hatua ya tano, urudi hapa juu baadaye.

Hatua ya kwanza: angalia unalipa ngapi

Kiasi cha kodi yako ndicho kinachoamua sheria gani inakulinda na utashtaki wapi.

Ukilipa shilingi 2,500 au chini yake kwa mwezi, uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Kiwango hicho hakijapandishwa kwa miaka mingi, na ndiyo maana mjini utasikia watu wakisema sheria hii imekufa. Mimi sikubaliani nao. Pita Nyalenda au Obunga huko Kisumu, Rhonda au Ponda Mali huko Nakuru, uone vyumba vya udongo na mabati vinavyolipiwa 1,500 au 2,000. Wanaoishi humo ndio sheria hii inaowahusu, na kwa bahati mbaya ndio wasioambiwa habari zake. Chini yake, mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya baraza maalumu la kodi, wala hawezi kukuletea dalali wa kukamata vitu vyako bila idhini ya baraza hilo. Akikusumbua makusudi ili uchoke uhame mwenyewe, ametenda kosa la jinai. Ukitaka kujua baraza linakaa lini mjini kwako, uliza kwenye dawati la huduma la mahakama.

Kodi ikizidi 2,500, ambako ndiko wapangaji wengi wa bedsita na nyumba za chumba kimoja walipo sasa, unategemea Sheria ya Ardhi ya 2012 pamoja na mkataba wako, kama upo. Na kama haupo, usife moyo. Sheria hiyo inasema kwamba pale ambapo hamkuandikiana muda, upangaji huhesabiwa kufuatana na jinsi kodi inavyolipwa. Ukilipa kila mwezi, wewe ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na anayetaka kuuvunja upangaji huo, awe yeye au wewe, lazima atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayoishia siku ya kulipa kodi. Kwa hiyo yule anayekuambia tarehe 12 kwamba "kufikia Jumapili uwe umetoka" anatishia tu. Sheria hiyo hiyo inamtaka akuache uishi kwa utulivu, na atunze paa, kuta za nje na mifereji mikuu ya maji. Paa likivuja, kulirekebisha ni juu yake.

Kama nyumba yako ni duka mbele na kitanda nyuma ya pazia, jinsi wengi wanavyoishi Kondele na Kaptembwo, huenda ukaangukia Sura ya 301, ya maduka, hoteli na mikahawa. Huko notisi ni miezi 2, iandikwe kwenye fomu rasmi, na kesi huenda kwenye baraza la kodi za biashara.

Jambo moja la pembeni: mwaka 2021 uliletwa Bungeni mswada wa kuziunganisha sheria hizi za wapangaji. Haukuwa sheria. Lakini vipande vyake bado vinazunguka WhatsApp vikiitwa "sheria mpya ya wapangaji", na kuna watu wamekwenda kwa chifu wakivitaja kwa sauti kubwa, wakaaibika.

Hatua ya pili: kabla ya kutoa dipoziti

Ugomvi mwingi wa kodi huanza siku ya kuingia, mpangaji akiwa na haraka na keateka, yule msimamizi wa ploti, akiwa na haraka zaidi.

Mjue mwenye nyumba. Keateka si mwenye nyumba, ajenti si mwenye nyumba, na kibao cha "Vacant" chenye namba ya simu ukutani hakithibitishi chochote. Uliza kodi inalipwa kwa namba ya nani. Ikiwa ni namba binafsi ya keateka, omba mwenye nyumba mwenyewe akuandikie ujumbe kwamba amekubali upitishie hapo. Siku keateka akifukuzwa kazi au akitoroka na kodi za ploti nzima, ujumbe huo ndio utakaokuokoa usilipe mara mbili. Ajenti anayetaka pesa za "kuonyeshwa nyumba" kabla hujaona hata mlango, achana naye.

Risiti ni muhimu. Wapo wenye nyumba wasiopenda kuandika kitu, kwa sababu mapato ya kodi za nyumba yana ushuru wake, asilimia 7.5 tangu Januari 2024 kwa anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hiyo ni shughuli yake na KRA, mamlaka ya ushuru. Wewe lipa kwa M-PESA, na ukilipa taslimu tuma ujumbe papo hapo: "Nimekupa 6,500 za kodi ya Machi, nyumba namba 7." Asipokanusha, ujumbe huo unaweza kuuonyesha mbele ya hakimu.

Piga picha ya kila chumba siku ya kuingia: kuta, sinki, kitasa, kioo kilichopasuka, mita ya stima na ya maji. Jitumie kwa WhatsApp au barua pepe ili tarehe ibaki.

Kisha itazame ardhi yenyewe. Upande wa Nyalenda ulizia mto Auji unafika wapi mvua kubwa ikinyesha, na usimuulize keateka, muulize mama anayeuza omena karibu na lango. Nakuru, upande wa Mwariki na Baruti, ziwa limekuwa likipanda na kuzimeza nyumba za watu. Jua pia kama ploti iko kwenye ardhi ya reli au hifadhi ya barabara. Kibos, Kisumu, nyumba zilibomolewa Februari 2021 katika mgogoro wa ardhi ya reli. Mpangaji kwenye ardhi kama hiyo anaweza kuwa amelipa kila kitu kwa wakati, risiti zote anazo, na bado akajikuta nje. Sheria ya Ardhi, baada ya kurekebishwa mwaka 2016, inataka notisi ya miezi 3 kabla ya watu kuondolewa kwenye ardhi wanayodaiwa kuikalia isivyo halali, lakini hayo si mapambano ya kuyaingia kwa kujitakia.

Hatua ya tatu: ongea kabla ya tarehe tano

Hapa ndipo watu huharibu. Kodi imekwama, basi mtu anazima simu, anatoka alfajiri kabla keateka hajaamka, anarudi usiku akinyata kama mwizi wa kuku. Kwa mwenye nyumba, mpangaji anayejificha ni mpangaji anayepanga kuhama usiku, na akishaamini hivyo atawahi yeye.

Ukijua tarehe 28 kwamba kodi ya tarehe 5 haitafika, mwandikie tarehe 28. Ujumbe uwe mfupi, na uwe na mambo manne: unadaiwa kiasi gani, sababu kwa sentensi moja, unalipa nini sasa, na zilizobaki utazilipa tarehe ipi. Mathalani:

"Habari za asubuhi, Mama Brian. Ni Atieno wa nyumba namba 7. Kodi ya Machi ni 6,500. Kazini tumeambiwa mshahara utafika tarehe 20. Leo nakutumia 2,500, na 4,000 zilizobaki nitazituma tarehe 21 Machi. Tafadhali nijibu kama umekubali, niweke kumbukumbu. Asante."

Utaona Atieno hajasimulia habari za mgonjwa, mazishi na karo kwa pamoja. Mwenye nyumba amezisikia zote, kutoka kwa kila mlango wa ploti, na zikija tatu kwa mpigo haamini hata moja. Kinachomtuliza ni ile 2,500 inayoingia kwenye simu yake dakika hiyo hiyo. Pesa kidogo leo ina uzito kuliko ahadi ya zote mwisho wa mwezi, kwa sababu naye ana mkopo wa benki unaomngojea, au karo, au fundi wa tangi la maji.

Tarehe unayotaja iwe ya kweli. Kama mshahara unaingia tarehe 20, sema 21 au 22. Ukiivunja tarehe ya kwanza, ya pili hutapewa kwa urahisi.

Akikupigia badala ya kuandika, pokea, zungumza naye kwa heshima, kisha baada ya simu mtumie ujumbe: "Asante mama kwa kunielewa. Kama tulivyoongea, 4,000 nitazilipa tarehe 21." Mkiwa ana kwa ana, andikeni kwenye karatasi ya daftari, wote wawili mtie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Mkataba wa karatasi ya daftari ni mkataba.

Hatua ya nne: pesa zitoke wapi

Njia zipo, ila kila moja ina bei yake.

Kwa mtu wa mshahara, ya kwanza kujaribu ni mwajiri: malipo ya mapema ya sehemu ya mshahara hayana riba kwa kawaida. Ya pili ni chama au sako, hasa kama una akiba huko. Chama cha akina mama kumi wa Manyatta kinaweza kukupa 5,000 jioni hiyo hiyo, na aibu ya kutokulipa ndiyo dhamana.

Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ulioanza Novemba 30, 2022, hukopesha kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kuanzia 500 hadi 50,000 kutegemea jinsi ulivyokopa na kulipa. Ila wengi hupewa kiwango cha chini, na muda wa kulipa ni siku 14. Inaweza kuziba pengo la elfu moja au mbili lililobaki kwenye kodi, si kodi nzima.

Programu za mikopo za simu ziwe za mwisho kabisa. Kukopa huko ili ulipe kodi, kisha ukope kwingine ili ulipe huko, ni kuhamisha deni kutoka kwa mtu mmoja unayeweza kuongea naye hadi kwa kompyuta isiyosikia. Mimi ningependa kudaiwa na Mama Brian wiki mbili kuliko kudaiwa na programu mbili.

Mzee wa miaka 70 na zaidi aliye kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, hupata 2,000 kwa mwezi, na vivyo hivyo baadhi ya familia zinazolea yatima na zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Hazikukusudiwa kodi ya nyumba, lakini kwa bibi anayelipa 1,500 Obunga ndizo kodi yenyewe. Kanisani na msikitini pia kuna mifuko ya kusaidia. Nenda kwa mzee wa kanisa au imamu ukiwa na ule ujumbe wa mwenye nyumba na kiasi kamili unachokosa. Msaada wa 1,500 wenye jina la deni hupatikana kuliko "naomba tu mnisaidie".

Na kuna swali ambalo ni bora ulijibu mapema: tatizo ni la mwezi huu, au ni la kila mwezi? Ikiwa kibarua kilikatika wiki moja, kopa, vuka. Ikiwa mshahara ni 14,000 na nyumba ni 8,500, hakuna mkopo utakaokutoa hapo. Toa notisi ya mwezi mmoja sasa, ukiwa hudaiwi, uhamie nyumba ya bei unayoiweza. Piga hesabu ya nauli pia. Aliyehama kutoka Migosi hadi mbali nje ya mji akaokoa 2,000 za kodi anaweza kukuta zote zimeliwa na matatu na bodaboda.

Sasa ile ada ya nyumba. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 1.5. Pesa hizo hujenga nyumba za kununuliwa kidogo kidogo, za aina ya zile 605 za Bondeni, Nakuru. Hazilipi kodi yako. Sheria imewatengea wanaopata chini ya 20,000 kwa mwezi kundi lao, la nyumba za kijamii, kwa hiyo jisajili Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizo, kwa kitambulisho na PIN ya KRA. Huduma Centre watakusaidia. Lakini jisajili kama mtu anayepanda mwembe: fanya leo, kisha endelea kutafuta chakula cha leo.

Nyumba za kaunti, zile za Flamingo na Kivumbini huko Nakuru au Ondiek na Arina huko Kisumu, kwa kawaida kodi yake iko chini ya ile ya sokoni, na ndiyo maana kuna watu wanaouza "ufunguo" wa nyumba hizo. Usinunue. Mpangaji anayejulikana na kaunti ni yule aliye kwenye rejista yao. Ulizia idara ya nyumba ya kaunti moja kwa moja.

Hatua ya tano: umekuta kufuli lisilo lako

Unarudi kutoka kazini saa moja jioni, kufuli lako liko pale pale, na juu yake kuna jingine jipya, la shaba, bado linang'aa. Keateka amekaa nje ya chumba chake, macho yako kwenye simu. "Mimi nimetumwa tu." Pengine mlango wenyewe umeng'olewa, au mabati mawili yametolewa juu ya kitanda. Pengine stima imekatwa kwenye nyumba yako peke yake.

Yote hayo ni kujichukulia sheria mkononi. Mwenye nyumba ana haki ya kodi yake, na ana njia za kuidai: notisi, mahakama, dalali mwenye leseni. Kukufungia nje mwenyewe si mojawapo.

Fanya hivi usiku huo huo. Usilivunje kufuli, kwa sababu kesho mwenye nyumba ndiye atakayekuwa mlalamikaji na wewe mshtakiwa wa kuharibu mali. Piga picha za kufuli, mlango na namba ya nyumba. Muulize keateka mbele ya jirani ni nani aliyemtuma, na jirani asikie jibu. Kisha mwandikie mwenye nyumba:

"Mama Brian, nimekuta nyumba namba 7 imefungwa kwa kufuli bila amri ya mahakama. Ndani kuna sare za watoto na dawa za presha za mama yangu. Naomba ifunguliwe leo. Deni la 4,000 nalikubali, na nitalilipa tarehe 21 kama tulivyoandikiana."

Usione aibu kulikubali deni. Mahakama humsikiliza vizuri zaidi mtu anayesema "nadaiwa, lakini nimefungiwa kinyume cha sheria" kuliko anayeruka kila kitu. Na mambo ya sare na dawa yaandike, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha dharura.

Asubuhi nenda kwa chifu au mzee wa Nyumba Kumi na simu yako mkononi. Chifu hana mamlaka ya kukutoa kwenye nyumba, wala ya kumwamuru mwenye nyumba kisheria, lakini ana sauti, na hapa Magharibi na Nyanza sauti hiyo hufungua makufuli mengi kuliko mahakama. Kusema kweli, kesi nyingi humalizikia hapo: nusu ya deni inalipwa, karatasi inaandikwa, keateka anakuja na ufunguo. Hakikisha karatasi hiyo ina tarehe na kiasi kilichobaki.

Polisi mara nyingi watakuambia hayo ni mambo ya madai, uende mahakamani. Hata hivyo, ikiwa vitu vimetolewa, vimepotea au vimeharibiwa, au umetishwa kupigwa, hiyo ni jinai. Sisitiza iandikwe kwenye OB, daftari la matukio la kituo, na upewe namba yake. Na ikiwa unalipa 2,500 au chini, waambie kwamba kumsumbua mpangaji ili ahame ni kosa chini ya Sura ya 296.

Kama hakuna kilichofunguka, ni mahakama. Kodi ya 2,500 kushuka, baraza la kodi. Zaidi ya hapo, mahakama ya hakimu, au Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo iko Kisumu, Nakuru na Kakamega. Unachoomba ni amri ya dharura ya kufunguliwa huku kesi ikiendelea. Beba mkataba kama upo, taarifa ya M-PESA ya miezi sita, picha, zile jumbe na namba ya OB. Asiyeweza kulipa wakili aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016. Wanawake wa Kisumu pia wanaweza kuwaendea FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake.

Hatua ya sita: dalali amefika

Dalali ni jambo jingine, kwa sababu yeye anaweza kuwa na haki. Sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba kutumia dalali mwenye leseni kuchukua vitu vya mpangaji anayedaiwa. Lakini vijana watatu na mkokoteni si dalali.

Omba kuona leseni na barua ya maagizo kutoka kwa mwenye nyumba. Kanuni za Madalali za 1997 zinamtaka kwanza aorodheshe vitu kwenye fomu, kila kitu na thamani yake na hali yake, wewe au mtu mzima aliyeko nyumbani atie sahihi, kisha upewe kwa maandishi angalau siku 7 za kulipa kabla vitu havijaondolewa. Anayefika na kubeba televisheni siku hiyo hiyo amezivunja kanuni. Vilevile kukamata mali usiku, kati ya machweo na macheo, hakuruhusiwi.

Soma orodha kabla ya kutia sahihi. Kama friji ni ya dada yako, sema hapo hapo na iandikwe. Kiasi cha deni kilichotajwa ukilinganishe na risiti zako, maana gharama za dalali huongezwa juu na hapo ndipo deni la 8,000 huanza kufanana na 15,000. Siku hizo 7 zitumie kulipa, kukubaliana upya, au kwenda mahakamani kulisimamisha zoezi ikiwa deni si la kweli.

Na kuhama usiku? Najua hufanywa. Sheria hiyo ya Sura ya 293 inampa mwenye nyumba nafasi ya kuvifuata vitu vilivyotoroshwa ili visikamatwe, na hata aliyekusaidia kubeba anaweza kudaiwa. Tena Kisumu ni ndogo. Keateka wa ploti mpya anaweza kuwa binamu wa yule wa zamani.

Hatua ya saba: umepewa notisi ya kuhama

Isome tarehe. Je, inakupa mwezi mzima, na inaishia siku ya kodi? Imeandikwa au ni maneno ya keateka? Kama ina kasoro, mjibu kwa maandishi ukieleza kasoro hiyo, kwa lugha nzuri. Kama iko sawa, endelea kulipa kodi ya mwezi wa notisi na uanze kutafuta nyumba. Kuacha kulipa kwa hasira ni kumpa sababu ya pili.

Notisi ikiisha na bado hujapata mahali, mwenye nyumba inabidi aende mahakamani apate amri. Wewe nawe una nafasi ya kumweleza hakimu na kuomba muda, hasa kama mtoto yuko katikati ya muhula. Omba muda wa kueleweka, wiki tatu au nne, na uonyeshe kwamba unalipa unapokaa.

Kupandishwa kodi ni hivyo hivyo. Kwa nyumba zilizo juu ya 2,500 hakuna kikomo cha sheria cha kiasi cha nyongeza, ila hawezi kuipandisha katikati ya mwezi, wala katikati ya mkataba wenye muda ikiwa mkataba haukusema hivyo. Omba ianze baada ya notisi ya mwezi mmoja.

Hatua ya nane: kudai dipoziti

Toa notisi yako kwa maandishi, mwezi mmoja. Siku ya kutoka, zunguka nyumba na keateka au mwenye nyumba, mkilinganisha na picha za siku ya kuingia. Kuta zilizofifia kwa kuishi si uharibifu wako. Kioo ulichovunja ni chako. Mkubaliane makato kwa kiasi, kitu kwa kitu, kabla hujarudisha ufunguo. "Rangi 3,000" bila risiti ya fundi ni makato ya kubishana.

Piga picha ya mita, lipa maji ya mwisho, na pata ujumbe unaosema hakuna deni. Kisha andika tarehe unayotarajia dipoziti na namba ya kutumiwa.

Wiki zikipita kimya, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016, na Kisumu na Nakuru ziko. Husikiliza madai yasiyozidi milioni 1, unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Dipoziti ni pesa yako iliyo mikononi mwa mwingine, kwa hiyo inafaa pale. Ila usiende huko na kesi ya kutaka urudishwe ndani ya nyumba. Migogoro ya kumiliki au kukalia ardhi haisikilizwi na mahakama hiyo. Kabla ya kufungua kesi, mtumie mwenye nyumba barua ya mwisho ya madai yenye siku 7 za kulipa, ukitaja mahakama hiyo kwa jina lake kamili. Wengi hulipa katika siku hizo saba.